Maua ya njano kwenye shamba la ngano: haradali mwitu, figili mwitu, au vyote viwili?

*"Tunalima ngano na shayiri kidogo huku Ngarenairobi, wilayani Siha. Tangu tuvune, shamba limejaa mmea wenye maua ya njano unaofika kiunoni. Shina kwa chini lina vinywele vigumu vinavyokwaruza mkono. Majani ya chini ni makubwa, yamekatika pembeni, na kipande cha mwishoni ndicho kikubwa kuliko vyote. Ua lina petali nne. Maganda mengine ni laini na yana ncha ndefu, mengine yamebanwabanwa kama shanga. Programu ya simu ilisema ni haradali, nikapiga picha nyingine ikasema kitu kingine. Mama mkwe anachuma majani machanga anapika, anasema ni mboga ya siku zote. Jirani anasema ni sumu, ng'ombe wake alikojoa damu baada ya kuyala. Mume wangu anataka tukusanye mbegu tukamue mafuta. Nani yuko sahihi? Na hii ndiyo haradali ya kwenye Biblia?"*

Dada yangu, wasiwasi wako naupata hivi: kuna mmea mmoja, watu watatu ndani na nje ya nyumba wanausema tofauti, na simu nayo imekuchanganya zaidi. Kabla ya kumpa mtu ushindi, tuanze na hilo neno "mmea mmoja". Kwa maelezo yako mwenyewe, shambani kwako kuna mimea miwili. Ganda laini lenye ncha na ganda lililobanwabanwa haviwezi kutoka kwenye aina moja, hata mvua iwe mbaya vipi. Aina zote mbili ni za ukoo wa kabichi, zimeota pamoja, zina urefu unaokaribiana na maua ya rangi moja, kwa hiyo wala sikushangai kuziona ni kitu kimoja. Simu nayo inawezekana kabisa haikukosea: ulipiga picha mbili za mimea miwili.

Sasa tutenganishe. Wengi huanzia kwenye ua kwa sababu ndilo linaloonekana kutoka barabarani. Si vibaya, ila ua lina kazi yake na mpaka wake. Ua litakuambia kama mmea ni wa ukoo wa kabichi, yaani Brassicaceae, ukoo ambao mabingwa wa zamani waliuita Cruciferae kwa kuwa petali zake nne hukaa mfano wa msalaba. Zaidi ya hapo ua halikusaidii sana, maana ndani ya ukoo huo kuna aina nyingi zenye ua la njano ambalo hata mimi nikipewa peke yake mkononi nitasita kulitaja jina.

Na petali nne pekee hazitoshi kuthibitisha ukoo. Hapa ndipo watu hukosea. Kando ya mifereji na madimbwi kuna mimea ya jenasi (yaani kundi la aina zinazokaribiana) ya Ludwigia, nayo ina petali nne za njano. Kuna jamaa wa mgagani, Cleome viscosa, ana petali nne za njano na ganda refu jembamba, ukimshika anakunatia vidoleni. Kwa hiyo chukua ua lililofunguka vizuri, ling'oe sepali, vile vijani vidogo vinavyolishika ua kwa nje, na petali taratibu, uhesabu stameni, vile vijiti vyenye chavua. Ukoo wa kabichi una stameni sita, nne ndefu na mbili fupi. Mpangilio huo hauko sehemu nyingi, na ukiuona umeshafika. Ludwigia yenye petali nne huwa na stameni nne au nane, na ovari yake iko chini ya petali, unaiona kama kikonyo kilichonenepa. Katika ukoo wa kabichi ovari iko juu, katikati ya ua, na ndiyo inayorefuka kuwa ganda petali zikishaanguka. Yule jamaa wa mgagani ana stameni nyingi zaidi ya sita, na jani lake limegawanyika kuwa vijani vitatu hadi vitano vinavyotoka sehemu moja.

Ukishahesabu, sugua jani changa kati ya vidole na ulinuse. Utasikia harufu kali, ile ya kabichi mbichi au figili. Sababu yake inafaa uijue kwa kuwa ndiyo itakayojibu pia swali la ng'ombe. Mimea hii ina kemikali ziitwazo glukosinolati, ambazo zikiwa zimetulia hazina ukali wowote. Pembeni, katika seli nyingine, kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinase. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Mdudu akiling'ata, au wewe ukilisugua, seli hupasuka, vinachanganyika, na papo hapo huzaliwa mafuta makali ya haradali yanayowasha pua. Ndiyo maana mbegu ya haradali ukiimeza nzima huisikii, ukiitafuna ndipo inapokuchoma. Lakini harufu ni uthibitisho wa ukoo tu. Na usionje mmea usioujua, kunusa kunatosha.

Kuna mmea mmoja wa njano ambao lazima uutoe shambani kabla ya mazungumzo mengine yote, kwa sababu huo ndio sumu ya kweli. Jina lake la kitaalamu ni Argemone mexicana. Ulikuja kutoka Amerika na siku hizi umeenea kwenye mashamba yaliyolala na kando ya njia sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ukiwa na maua tu, mtu aliye mbali anaweza kuuweka kundi moja na haradali. Ukiusogelea hauchanganyiki na chochote: majani yana miiba pembeni na mistari myeupe juu ya mishipa, petali kwa kawaida ni sita, ganda lina miiba, na ukivunja shina linatoa utomvu wa njano. Tatizo lake kubwa ni mbegu. Ni ndogo, za mviringo, zenye rangi ya giza, na zikishapukuchuliwa zinafanana mno na za haradali. Nitairudia hoja hii kwenye mafuta.

Sasa twende kwenye maganda, ambako ndiko kuna majina.

Ganda la ukoo huu limejengwa kwa namna yake. Lina kuta mbili, na katikati kuna utando mwembamba unaolitenga vyumba viwili, mbegu zikiwa zimeshikilia kwenye kingo za utando huo. Likikauka, kuta hufunguka kuanzia chini, mbegu humwagika, na utando hubaki umesimama shambani, mweupe, unang'aa juani. Ganda la mgagani halina utando huo. Juu ya ganda kuna sehemu isiyofunguka, ambayo wewe umeiita ncha na sisi huiita mdomo. Urefu wa mdomo huo, umbo lake, na kama ndani yake kuna mbegu au hakuna, ndivyo vinavyotofautisha haradali moja na nyingine.

Tuanze na lile la shanga, kwa sababu hilo limejitaja lenyewe. Ni figili mwitu, Raphanus raphanistrum, ndugu wa karibu wa figili ya bustanini. Ganda lake halifunguki kwa kuta mbili. Linakatika vipande vipande pale lilipobanwa, kila kipande na mbegu yake moja iliyofungiwa ndani ya ganda gumu. Ukitaka kuhakikisha hata kabla ganda halijakomaa, tazama petali kwa makini: za figili mwitu huwa njano iliyopauka au nyeupe, na zina mishipa ya rangi ya zambarau. Sepali zake zimesimama wima, zimelibana ua. Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi kwa mkulima wa ngano, na sababu ni hicho kipande cha ganda. Ukubwa na uzito wake unakaribiana na punje ya ngano, hivyo hata ukipepeta au kupitisha kwenye chekeche, kinabaki. Mkulima anayejiwekea mbegu ya msimu ujao kutoka kwenye mavuno yake anaweza kuwa anampanda figili kwa mkono wake mwenyewe kila mwaka, halafu anashangaa magugu yametoka wapi.

Lile ganda laini lenye ncha ndefu ni la haradali, ila haradali ziko nyingi na maelezo yako hayajanifikisha mwisho. Vinywele vigumu chini ya shina na jani la chini lenye kipande kikubwa mwishoni vinanielekeza kwenye haradali mwitu yenyewe, Sinapis arvensis, lakini figili mwitu naye ana sifa hizo hizo mbili, na sijui vinywele ulivyovigusa vilikuwa vya nani. Naomba urudi shambani uchague mmea wenye maganda laini tu, kisha uangalie mambo haya.

Ukuta wa ganda una mishipa mingapi inayotokeza? Sinapis arvensis ana mitatu au zaidi kila upande, unaihisi hata kwa ukucha, na mdomo wake ni mpana chini, umechongoka juu, mara nyingine una mbegu moja ndani. Haradali za jenasi ya Brassica zina mshipa mmoja tu uliojitokeza katikati ya ukuta. Ukiona ganda fupi, la kama sentimita moja hadi mbili, limelala limejibana na shina, mdomo mfupi, hiyo ni haradali nyeusi, Brassica nigra. Ukiona ganda refu kidogo lililoachana na shina, mdomo mwembamba usio na mbegu, fikiria haradali ya kahawia, Brassica juncea. Sepali nazo zinasema: za Sinapis arvensis zimetanda wazi ua likifunguka, tofauti kabisa na za figili mwitu.

Kisha tazama majani ya juu, yale yaliyo karibu na maua. Yakilikumbatia shina kwa masikio mawili ya mviringo, una Brassica rapa, ambaye ni kundi moja na turnipu na kabichi ya Kichina. Yakikaa kwenye shina bila kikonyo na bila masikio, tunarudi kwa Sinapis. Yakiwa na kikonyo na mwili laini usio na vinywele, usishangae kama ni loshuu tu iliyotoroka bustani ya mtu. Loshuu unayoiona masoko ya Arusha ni Brassica carinata, haradali ya Kihabeshi, na kwa ardhi yenu ikidondosha mbegu inaota yenyewe vizuri kabisa.

Kwa nini zifanane hivi? Mwaka 1935 Woo Jang-choon, mtaalamu aliyeandika kwa jina la Kijapani Nagaharu U, alionyesha kwamba baadhi ya mimea hii ni machotara wa kudumu. Haradali nyeusi ina kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli) 16, kabichi na sukuma wiki zina 18, na loshuu ina 34, jumla ya wazazi wake hao wawili. Brassica juncea naye amezaliwa hivyo hivyo na haradali nyeusi na Brassica rapa. Mtoto akiwa na jani la mzazi mmoja na ganda linaloelekea la mwingine, programu inayotazama picha ya ua pekee itabahatisha. Binafsi siwachukii wanaotumia programu hizo, ila wapige picha ya ganda.

Baada ya kukuchosha na majina, nikwambie ukweli wa jikoni: kwa chungu cha mama mkwe, jina kamili si jambo kubwa. Majani machanga ya hawa wote niliowataja wa ukoo wa kabichi huliwa, figili mwitu akiwemo, na mama huyo ana macho yenye uzoefu kuliko simu yako. La muhimu kwenye chungu ni mahali yalipochumwa. Brassica juncea ina tabia ya kuvuta metali kama risasi na kadimiamu kutoka ardhini na kuzihifadhi kwenye majani, kiasi kwamba watafiti wameijaribu kusafishia udongo uliochafuka. Kwa hiyo mboga ya kando ya barabara kuu, karibu na gereji au jalala, iacheni hata ikinawiri namna gani. Na ninyi mnalima ngano: kama shamba limepigwa dawa ya magugu, au jirani amepiga na upepo ukaleta, msichume. Gugu lililonyweshwa dawa linaweza kukaa siku kadhaa likiwa bado la kijani.

Yachumwe kabla ya maua, yachemshwe vizuri. Moto unakiua kile kimeng'enya na unapunguza ukali. Mtu mwenye rovu au tatizo lingine la tezi ya shingo asifanye mboga hii ya kila siku, maana vitu vinavyotokana na glukosinolati huweza kuizuia tezi isitumie vizuri madini joto. Kwa familia inayotumia chumvi yenye madini joto na kubadilisha mboga, hilo halinipi wasiwasi. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza mboga za majani za aina yoyote ghafla. Na anayevimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula chakula chenye haradali asiguse kabisa, aende hospitali.

Ng'ombe ni habari tofauti, na hapa jirani yako hajasema uongo. Ng'ombe hali kiganja cha majani, anakula mzigo. Mimea ya ukoo huu ina kitu ambacho bakteria wa tumboni mwa mnyama anayecheua hukigeuza kuwa kemikali inayovunja chembe nyekundu za damu. Akilishwa kwa wingi, siku kadhaa hadi wiki chache baadaye anaweza kupungukiwa damu na kukojoa mkojo mwekundu. Hii hutokea hata kwa sukuma wiki, si kwa magugu tu. Maganda yaliyojaa mbegu yana hatari ya pili, kwa sababu mbegu ndiyo ghala la mafuta makali: huunguza utumbo, mnyama anatokwa mate, anaharisha, anaumwa tumbo. Juu ya hayo, mmea uliopigwa na ukame hukusanya naitreti, chumvi ambayo ikizidi humdhuru mnyama. Wacheni ng'ombe waonje majani machanga wakiwa wameshashiba nyasi, lakini msiwafungulie shamba lililojaa maganda, na msilishe gugu hili kama chakula kikuu. Maziwa nayo huchukua harufu yake, na mnunuzi ataisikia kabla yako.

Ila nina shaka moja na hadithi ya jirani. Mkojo mwekundu ni dalili pia ya babesia, ugonjwa unaoletwa na kupe, na mara nyingi huja na homa kali. Huo usipotibiwa mapema mnyama anakufa, na kuondoa magugu shambani hakutamsaidia chochote. Ng'ombe akikojoa wekundu, ufizi ukapauka, au akahema kwa shida, muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, apimwe damu. Mwelezeni alichokula pia, ili asitibu nusu.

Kwa mume wako jibu langu ni hapana. Nimekwisha kutaja Argemone. Mwaka 1998 huko Delhi, mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu za mmea huo yaliua zaidi ya watu 60, na wengine wengi walivimba miguu na kuumwa moyo. Mbegu mbili hizo zikishaingia gunia moja, mtu wa kawaida hawezi kuzitenganisha. Hata gunia lingekuwa safi, mafuta ya haradali za mwituni huwa na asidi ya eruki nyingi, aina ya asidi ya mafuta isiyofaa kuliwa kwa wingi. Wakanada waliliona hilo kwa mimea jamaa na hii, wakafanya kazi ya kuzalisha aina zenye asidi hiyo kidogo hadi wakapata kanola miaka ya 1970. Kama mume wako anataka mafuta, alizeti inakamuliwa kila mahali na mbegu yake anaijua.

Nguvu zenu zielekezeni kwenye kung'oa, na muanze na yule wa shanga, ganda likiwa bado la kijani na laini. Mkichelewa, kila mmea utaacha mamia ya mbegu ardhini, na mbegu za haradali mwitu huweza kulala kwenye udongo miaka mingi zikingoja jembe liziinue juu. Mimea iliyokwisha kufunga mbegu ichomwe, isitupwe kwenye lundo la mboji. Mkiwa na kabichi jirani na shamba hilo, sababu ni kubwa zaidi: nondo anayetoboa majani ya kabichi, Plutella xylostella, huifuata harufu ile ile kali niliyoieleza, na kwake haradali mwitu ni malazi ya kungojea msimu. Mbegu ya ngano ya mwakani nunueni iliyothibitishwa, angalau msimu mmoja, mvunje mzunguko.

Kama baada ya kuangalia mishipa ya ganda na majani ya juu bado una shaka, usinitumie picha kumi za maua. Ng'oa mmea mzima pamoja na mzizi, wenye maua na maganda yaliyokomaa kwa wakati mmoja, uukunje ndani ya gazeti, uweke kitu kizito juu, na ubadilishe gazeti kila siku hadi ukauke. Mfuko wa nailoni usitumie, utaoza. Andika kwenye karatasi: mahali, tarehe, rangi ya petali ikiwa bado mbichi kwa sababu itapotea, na kama shina lilikuwa na vinywele. Mpelekee afisa ugani wa kata, naye akishindwa, Arusha si mbali nanyi: Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iko Ngaramtoni, kwenye mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Wasomaji wa Kenya wanayo Hebaria ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Fanya sampuli mbili, moja ya kila ganda, na usizichanganye kwenye gazeti moja.

Na haradali ya Biblia: wengi wanaoshughulikia mimea ya nchi zile huitaja Brassica nigra, haradali nyeusi, ambayo ikipata udongo mzuri hupita mita mbili, urefu wa kutosha ndege kutua. Ya kwako inayofika kiunoni, yenye mdomo mrefu kwenye ganda, siyo hiyo.